Mkono wa Sifa na Vijana wa Maneti

Wenzangu wa chumba cha kiné, mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau. Mmesema niandike kazi, si vyeo, na hapo mmenirahisishia, kwa sababu vyeo vyangu vinaenea kwenye mstari mmoja: niliingia kiné, nimetoka kiné.

Kwa atakayesoma bila kutujua, kiné ndivyo watu wa Goma wanavyomwita mfanyakazi wa hospitali anayefundisha viungo kusogea tena baada ya kuvunjika, kuungua au kulala kitandani muda mrefu. Daktari anaunga mfupa, muuguzi anafunga kidonda, kila mtu anamwambia mtoto asiuguse ule mkono. Kisha mtoto analetwa kwetu, na sisi tunamwambia auinue. Hawatupendi, na wana haki. Mimi waliniita Papa Uchungu. Jina hilo lilianzia kwenye vitanda vya watoto, likafika jikoni, likafika mapokezi, na mwishowe hata daktari mkuu alilitumia bila kucheka.

Siku ya kwanza nilikuja kutoka kwetu Rutshuru nikiwa nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi ya makaa mpaka likasimama lenyewe. Nilitegemea kukuta mashine. Nilikuta meza moja, mkeka, kioo kilichopasuka kona, na mwanamke mnene aliyeketi sakafuni akicheza gololi na mtoto. Mtoto yule alikuwa amevunjika mguu kwa kuanguka na chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobebea mizigo mjini kwetu. Mwanamke aliitwa Mama Noella. Ndiye aliyekuwa kiné wa watoto kabla yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Nilisimama pale mlangoni nikingoja amalize mchezo. Walicheza. Nikangoja. Wakaanza mchezo mwingine. Mwishowe nikauliza, "Mama, tunaanza saa ngapi?"

"Tunaanza nini?"

"Kazi."

Hakuniangalia. Alisema, "Angalia goti yake."

Nikaangalia. Kila gololi ilipokimbia, mtoto aliifuata kwa kutambaa, na kila alipotambaa goti lililokuwa gumu kama mti lilikunjwa kidogo zaidi. Hakuna aliyemwambia alikunje. Mama Noella alikuwa anarusha gololi mbali kidogo kila mara, akijifanya hajui kulenga.

"Na ile koti nyeupe, uivue," akaongeza. "Batoto bakiona nyeupe, banajua sindano inakuya."

Niliivua, nikaitundika kwenye msumari, na sidhani kama niliivaa tena mbele ya mtoto, isipokuwa siku wakubwa walipokuja kutembelea.

Mlio vijana mnaagiza vifaa kwa simu, basi niseme kidogo tulivyokuwa tunafanya. Vibao vya kunyoosha vidole tulivitengeneza kwa mabomba ya plastiki yale ya maji. Unakata kipande, unakitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka mpaka kilegee, unakikunja juu ya mkono wako mwenyewe uliofungwa taulo, si juu ya mkono wa mtoto, unasubiri kipoe, kisha unapiga msasa kingo. Mpira wa ndani wa baiskeli ulikuwa kamba ya kuvutia misuli. Chupa yenye mchanga ilikuwa uzito. Wageni walipokuja walipiga picha mabomba yale na kusema tuna ubunifu mkubwa. Hatukuwa na ubunifu. Tulikuwa hatuna kitu.

Vichezeo navyo vilikuwa hivyo hivyo. Tulikuwa na gololi, tulikuwa na gari la bati lenye magurudumu matatu, na pupe mmoja, yaani mwanasesere, asiye na nywele ambaye watoto wote walimwogopa. Mama Noella alikuwa akisema kwamba dawa yetu ni hamu. Mtoto hawezi kunyoosha mkono kwa sababu wewe unataka. Ataunyoosha kwa sababu kuna kitu upande wa pili anachokitaka. Kazi yako ni kujua ni kitu gani, na mara nyingi utakosea.

Mama Noella alipostaafu alirudi kwao, nami nikabaki na msumari, mkeka na kioo. Miaka ikapita kwa namna ambayo miaka ya hospitali inapita, yaani kwa vitanda. Walikuja walioanguka kwenye mawe meusi ya lava, na mawe yale hayana huruma kwa viwiko. Walikuja waliogongwa na pikipiki mtaani Birere, pale ambapo dereva, muuzaji wa viatu na mbuzi wanagombea njia moja. Walikuja waliotoka milimani wakati wa vita. Vita sitaviandika hapa. Ninyi wenyewe mmeviona, na wengine wenu mmevikimbia.

Walionishinda mara nyingi ni walioungua mikono. Ngozi inapopona baada ya moto inafanya kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani: inajivuta. Inavuta vidole kuelekea kiganjani, polepole, kila siku kidogo, hata mtoto akiwa amelala. Usipoinyoosha kila siku, mkono unafunga kama ngumi na unabaki hivyo. Na kuinyoosha kunauma. Hapo ndipo mnapomkuta mtoto ambaye akisikia viatu vyako kwenye korido anajifunika shuka kichwani.

Sifa alikuwa mmoja wao. Alikuwa msichana wa umri wa kukaribia kumaliza shule ya msingi, mwembamba, mwenye macho ya kupima watu. Familia yake ilikuwa ya wakulima wa milima ya Masisi. Walikuwa wamekimbia, wakajenga kibanda cha turubai upande wa Lac Vert, nje kidogo ya mji, pamoja na wakimbizi wengine. Humo ndani ya turubai, ambamo jiko, kitanda na watoto viko mahali pamoja, sufuria ya maharage iliyokuwa ikichemka ilimwangukia mkono wa kuume. Madaktari walimpandikiza ngozi, ikashika vizuri. Kisha wakaniletea.

Kwangu alikataa kila kitu. Si kwa kulia. Angelia ningejua pa kuanzia. Alikuwa ananiangalia, anauweka mkono chini ya kwapa, na kusema, "Kesho." Kesho yake anasema tena, "Kesho." Kidole gumba kilikuwa kimeanza kulala kiganjani. Mama yake, Mama Sifa, mwanamke mrefu asiyesema ovyo, alikuwa akisali kila asubuhi na wamama wengine wa sali ile, yaani wodi ya watoto, kisha ananiuliza kwa upole, "Papa, leo alikubali?" Na mimi namjibu hapana.

Ilikuwa siku hizo ndipo vijana wa maneti walipofika.

Walikuja mchana, wanne, na magunia mawili juu ya pikipiki. Mapokezi kukazuka ubishi, nikatoka kwenda kuona. Mama wa mapokezi alikuwa na kalamu mkononi na amekasirika.

"Nakuuliza jina."

"Patient."

"Najua uko patient, bote hapa ni bapatient. Jina!"

"Njo jina, mama. Patient."

"Unagonjwa nini?"

"Sigonjwe. Ninaleta bichezeo."

Nikamwokoa. Patient alikuwa kijana wa mabega mapana, mwenye kofia aliyokuwa akiivua na kuivaa kila alipozungumza. Alikuwa na chumba Birere, nyuma ya vibanda vya viatu, chenye televisheni kadhaa, ambamo vijana wanalipa kucheza mpira wa video. Wanashika maneti, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili, na wanapigiana kelele mpaka umeme ukatike. Mimi nilikuwa nimepita mbele ya chumba kile mara nyingi na kukihesabu miongoni mwa mambo yanayoharibu vijana.

Alinieleza kwamba mdogo wake alikuwa amelazwa kwetu kwa kuvunjika paja, akatoka salama. Siku zile Patient alikuwa anakaa naye.

"Nilionaka batoto banaangalia plafond tu, papa," alisema, akinionyesha dari kwa kidole. "Asubui plafond, mangaribi plafond. Banaijua kila tundu. Njo tukasema na bandugu, tufanye mashindano. Mwenye anataka kucheza, alete kichezeo. Kama hauna kichezeo, hauingie."

Walicheza siku nzima. Hawakumjua hata mtoto mmoja kati ya wale waliokuwa wamelazwa. Magunia yalijaa.

Aliyekuwa anaongoza wauguzi wa watoto alikuwa Mama Charlotte. Mnamjua, sina haja ya kumweleza sana. Alisafisha meza, akawaambia vijana wamwage vyote juu yake. Wakamwaga, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaongoja kupongezwa.

Kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa bunduki ya plastiki. Cha pili, bunduki. Zilikuwa nyingi, nyeusi, nyingine zinapiga kelele zikiguswa. Moja iligusa meza ikaanza kulia ta-ta-ta-ta, na kwenye kitanda cha karibu mtoto aliyekuwa na kidonda cha risasi mguuni akateremka upande wa pili wa kitanda, na drip yake ikamfuata. Hakupiga kelele. Alijua tu pa kujificha.

Patient aliinyakua ile bunduki na kuikandamiza tumboni mpaka ikanyamaza. Mama yake mtoto akamnyanyua mwanawe.

"Mama, utusamehe," Patient alisema. "Hatukuwaza."

Mama Charlotte hakumgombeza. Aliziweka bunduki pembeni, moja moja. Kisha akaweka pembeni dubu wa manyoya. "Hawa hawaoshwi. Mtoto mwenye kidonda akilala na manyoya, kesho tunamtibu kitu kingine." Akaweka pembeni shanga na vipande vidogo vya kumezwa. Kilichobaki mezani kilikuwa kidogo sana, na vijana walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Ningependa kusema kwamba mimi ndiye niliyewatia moyo. Mama Charlotte ndiye aliyesema, "Mlikuja na moyo muzuri. Sasa mukuje na vya kuoshwa."

Nilidhani hatutawaona tena. Nimeona watu wengi wenye moyo mzuri wakija mara moja, wanapiga picha na kwenda. Lakini vijana walirudi wiki ileile. Walikuwa wamerudisha bunduki sokoni na kubadilisha. Mfanyabiashara mmoja, Patient alituambia, aliwacheka mbele ya wateja: vijana wazima wanarudisha bunduki ili wapewe pupe na bata wa plastiki. Walivumilia kicheko hicho, wakachukua bata. Halafu, bila kuombwa, walichuchumaa kwenye bomba la nyuma ya jikoni, wakaosha kila kitu kwa javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu: bata, magari, matofali ya rangi, mapupe, wakavianika juu ya ukuta. Wapishi walitoka kuangalia. Siku ile ukuta wa hospitali yetu ulikuwa na rangi ambazo sijawahi kuziona pale.

Watoto wakapewa. Sitaeleza furaha yao, mnaweza kuiona wenyewe. Niseme la kazi tu: kwa mara ya kwanza nilikuwa na vitu vya kuchagua. Gari la kusukuma kwa mwenye kiwiko kigumu. Mpira laini kwa mwenye vidole dhaifu. Bata kwenye beseni kwa mwenye bega. Nilimkumbuka Mama Noella na gololi zake, nikaona angefurahi, kisha angeuliza kwa nini ninasimama.

Sifa alipewa pupe mzuri, mwenye nywele. Alimwangalia, akamshukuru kijana aliyempa, na alipoondoka akampitisha kwa mtoto wa kitanda cha pili. Nilikuwa nimekosea tena.

Kisha nikaona anachoangalia. Patient alikuwa amepita na maneti ya zamani ikining'inia kwenye mfuko wa suruali, waya umekatika.

"Iyo ni nini?" Sifa akauliza. Hilo lilikuwa swali la kwanza nililomsikia akimuuliza mtu asiye mama yake.

Patient akaitoa. "Maneti. Ilikufa. Ninaipeleka kwa fundi."

"Inafanyaka nini?"

"Unachezesha nayo batu ku televizio. Uku unabakimbiza, uku unapiga mupira. Yote ni kidole gumba."

Akamwekea kitandani. Sifa akautoa mkono kwapani. Aliishika kwanza kwa wa kushoto, kisha akaweka wa kuume upande wake, kwa sababu kidude kile hakishikiki vizuri kwa mkono mmoja. Kidole gumba kikatoka kiganjani, kidogo sana, kikitetemeka, kikatafuta kitufe. Kikabonyeza. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria yangu ya mabomba, maji yakipoa.

Alibonyeza siku nzima na kesho yake. Siku iliyofuata aliirudisha. "Haifanye kitu," alisema. Alikuwa na haki. Ilikuwa maiti.

Nilikwenda Birere mwenyewe kumtafuta Patient. Niliingia katika chumba nilichokuwa nakisema vibaya, nikakaribishwa kiti, nikaletewa soda. Nilimweleza shida yangu kama ninavyowaelezea madaktari: mkono unafunga, mtoto anakataa, kidole kilisogea kwa ajili ya maneti. Hakunikatiza. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja tu, "Kuko umeme?"

Haukuwepo, si kwa ajili ya mchezo. Jenereta letu lilikuwa la chumba cha upasuaji. Patient akaja na televisheni ndogo, mashine yake, na betri ya gari, vyote nyuma ya pikipiki. Mama Charlotte akaweka sharti: maneti ifungwe kwa plastiki nyembamba na ifutwe kwa alkoholi kabla na baada. Kila kitu kilikuwa tayari, na hapo Mama Sifa akasimama mbele ya kitanda.

"Hapana, papa," akaniambia. "Iyo ni michezo ya babandi na bahuni. Na ya shetani. Mutoto wangu ataijua, halafu?"

Nilimwambia ni mpira tu. Nilimwambia itamsaidia mkono. Alitikisa kichwa, na kisha likatoka lile lililokuwa chini ya yote.

"Batu ya kwetu banarudia," alisema. "Njia inapitika. Bwana yangu alishatangulia kule kwetu. Kamio ikipatikana, na sisi tunaenda. Unaanza kitu yenye hautamaliza juu ya nini?"

"Mama, mkienda sasa mukono itafunga."

"Ninajua. Na nisipoenda, musimu ya kupanda inapita. Shamba ikikosa mwenyewe, mwengine anaishika. Niko na batoto bane, papa. Mukono moja, ao shamba ya batoto bane?"

Nilimwomba anipe siku zile tu zilizobaki kabla ya kamio, yaani lori, kupatikana, na akae aangalie kwa macho yake. Kama akiona ubaya, azime. Alifikiri. Kisha akavuta kiti, akakaa kati ya mtoto na televisheni, mikono kifuani, kama polisi wa mpakani.

Patient alicheza na Sifa mchezo wa kwanza. Sifa akafunga bao, halafu lingine, halafu lingine. Watoto wengine walishangilia. Yeye hakushangilia. Aliweka maneti chini.

"Unaniachia," alisema.

"Hapana, wewe unajua kucheza."

"Unaniachia juu ya mukono. Sitaki. Cheza!"

Patient akaniangalia, nami nikatazama dirishani. Akavua kofia, akacheza kweli. Alimfunga mabao mpaka sikuweza tena kuyafuata. Na Sifa, aliyekuwa akisema kesho, alikuwa ameuma mdomo, jasho puani, kidole gumba kikikimbia kutoka kitufe hadi kitufe, kikinyooka na kukunjika, kikinyooka tena. Kila alipofungwa alisema, "Tena." Pembeni mwa ngozi mpya palipasuka kidogo, damu ikatoka tone, na Mama Charlotte akaja kuzima. Sifa ndipo akalia, kwa hasira ya kuzimiwa.

Nikamfunga kibao cha kunyoosha vidole. Kwa mara ya kwanza hakukataa. Alikuwa anabishana na Patient kuhusu golikipa.

Mama Sifa alinifuata kwenye korido. Nilijiandaa kusikia habari za shetani. Badala yake alinyoosha mkono wake mwenyewe, akasogeza kidole gumba chake nje na ndani, akikitazama.

"Ilitembea," alisema. "Nilikuwa naangalia. Ile kidole ilitembea."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe unafanyaka nini kisha pale? Ile kunyoosha. Unionyeshe. Kule mulimani hautakuwa."

Tangu siku ile nilikuwa na wanafunzi wawili, mtoto na mama yake. Patient alikuja kila alasiri aliyoweza, akifunga chumba chake saa za wateja. Sifa alicheza kidogo, akapumzika, akacheza. Baada ya mchezo Mama Sifa alipaka mafuta kwenye kovu, akalisugua kwa mzunguko, akanyoosha kidole kimojakimoja mpaka ngozi igeuke nyeupe, akahesabu kwa sala badala ya saa. Sala yake ilikuwa ndefu kuliko muda niliomwambia, na sikumsahihisha. Alijifunza hata kuchemsha bomba na kulikunja. Cha kwanza kilitoka kama kijiko. Cha tatu kilikuwa kizuri kuliko changu, naye akanionyesha bila kuficha kwamba ameona.

Siku moja kabla ya kamio kuondoka, Sifa alimfunga Patient bao moja. Moja tu, baada ya kufungwa mengi. Lilitoka mbali, nje ya kisanduku cha penalti, kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu na kukiachia kwa wakati, jambo ambalo kidole kile hakingeweza alipokuja. Sali ililipuka. Mama Sifa alisimama na kupiga kofi moja kubwa, kisha akakumbuka alipo na kukaa chini, akitengeneza kilemba. Nilimvuta Patient pembeni nikamuuliza kama alimwachia. Aliapa kwamba hapana, na nilimwamini, kwa sababu alikuwa amekasirika kweli.

Waliondoka asubuhi. Mkono ulikuwa umefunguka sehemu kubwa; kidole kidogo kilibaki kimejikunja, nami nilimwambia mama yake wazi kwamba hicho huenda kisirudi. Nilimpa vibao, mafuta, na kipande cha bomba cha kukata baadaye. Patient alimpa Sifa ile maneti iliyokufa, abonyezebonyeze njiani. Sifa alimwambia, "Utajifunza kucheza, siku nitarudia." Kamio ikashika barabara ya Sake, kuelekea Masisi.

Mimi nilistaafu muda mfupi baadaye. Mlinifanyia keki, nashukuru, japokuwa ilikuwa tamu mno. Kile nilichowaachia kiko kwenye kabati la samawati: vichezeo vya kuoshwa, vimepangwa kwa viungo, si kwa uzuri. Vijana wa Birere wanaendelea na mashindano yao, na sasa kabla ya kuanza wanatuma mtu kuuliza ni vya aina gani mnahitaji. Mjibuni vizuri. Msiseme "chochote". Waambieni: vya kushika kwa vidole viwili, vya kusukuma, vya kubonyeza, visivyo na manyoya, visivyo na sauti ya bunduki. Waacheni waingie sali, wakae na watoto. Wao wanajua kucheza, sisi tumesahau. Na mtoto akisema kesho, msibishane naye. Angalieni macho yake yanakwenda wapi.

Wiki iliyopita simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Ilikuwa Mama Sifa, alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao, na upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno. Walikuta shamba lao. Walipanda wakiwa wamechelewa, maharage yametoka machache lakini yametoka. Sifa amerudi shule, anaandika kwa kuume, mwandiko umeinama. Anamenya viazi. Kidole kidogo hakikunyooka. Kila usiku kabla ya kulala wanaomba na kunyoosha, vyote kwa pamoja.

"Anataka kukusemesha," akasema.

Nikasikia simu ikibadilisha mikono, kisha pumzi ya mtu aliyekimbia kupanda kilima.

"Papa," Sifa akasema, "ule Patient, alishajua kucheza?"

"Bado," nikamwambia.

"Umuambie ninakuya."